Gobore Lilipokataa

Kabuku,
Handeni, Tanga.
24 Novemba 2024

Mpendwa dada Rukaya,

Shikamoo dada. Natumaini mgongo umepungua kuuma tangu uache kubeba ndoo, na kwamba watoto wote hawajambo. Shamimu anaendeleaje na mtihani wake wa kidato cha nne? Mwambie mjomba wake anamwombea, tena bila kukumbushwa na mtu.

Sisi huku tunamshukuru Mungu. Vuli ya mwaka huu imekuja kwa fujo, bondeni mahindi yamelala, lakini mihogo imesimama vizuri. Mke wangu Chausiku anakusalimu sana. Anasema kitenge ulichotuma kimemtosha, ila mimi naona kimembana kidogo. Hilo usimwambie.

Nalitanguliza jambo moja, dada, kabla ya jingine lolote. Mumeo Shukuru ni mzima, hana hata mkwaruzo. Muda huu ninapoandika yuko uani anafunga mizigo. Kesho alfajiri anapanda basi, na barua hii atakuletea yeye mwenyewe kwa mkono wake. Ikiwa unaisoma, basi yuko hapo karibu nawe. Mtazame kwanza, halafu tafuta pa kukaa ndipo uendelee.

Utauliza kwa nini sikupiga simu. Nimepiga mara tatu tangu Jumanne, na wewe ni shahidi. Mara ya kwanza nikakuuliza bei ya mchele huko Mpanda. Mara ya pili nikakupa habari za mvua. Mara ya tatu nikakata katikati, nikasingizia mtandao. Mtandao ulikuwa mzuri tu.

Basi nianze na harusi. Binti yetu Mwaija ameolewa juzi Ijumaa, na Athuman wa Kilole, kijana mpole, anayesalimia watu kwa kuinama. Watu walijaa mpaka kwa jirani. Wengi walikuulizia, tukawaambia dada kabaki na mtoto wa mtihani, kamtuma mumewe badala yake, wakaridhika.

Lakini kisa chenyewe kinaanzia kwenye hilohilo la harusi, na kwenye domo langu. Unanijua. Siku tuliyokwenda Kilole kukamilisha mazungumzo, wazee wa kule walitukaribisha kwa pilau la kuku, nikashiba, nikasahau kwamba mtu akishiba anyamaze. Nikawaambia: sisi watu wa Handeni hatulishi wageni wetu kuku, siku ya harusi mtakula nyama ya porini. Wakacheka, wakapiga makofi. Mzee mmoja akaniambia atakuja na njaa yake. Kutoka siku hiyo sikulala vizuri.

Sikwenda kwa ujanja, usifikiri hivyo. Nilikwenda wilayani, nikakata leseni ya mnyama mmoja, mwisho wake mwezi huuhuu. Gobore la marehemu baba lina karatasi zake zote. Nikamwomba Salaash atuongoze. Unamkumbuka, yule Mmasai aliyekuwa akichunga ng'ombe karibu na shamba letu la mihogo. Sasa ni mtu mzima, ana wake wawili na mvi kidogo. Kwao nyama ya porini hawali, lakini hakuna kidimbwi cha maji asichokijua. Na Shukuru, aliyekuwa amefika siku tano kabla, akasema naye anakuja. Nilimwambia, shemeji, wewe ni fundi wa mashine za kusaga, pori utaliweza? Akanijibu kwamba hata kinu hakimwogopi simba. Sikuelewa maana yake, lakini tukacheka.

Jumatatu ilikuwa balaa kutoka asubuhi. Mbung'o walitutafuna. Saa nne tuliona swala watatu, wamesimama mahali pazuri, upepo unatujia usoni. Nilikuwa natafuta tu pa kuegemeza mtutu, mara bodaboda ikapita na magunia manne ya mkaa, honi juu. Porini kabisa, dada, honi ya nini? Swala wakapotea. Mchana tukanyeshewa. Jioni tukarudi na matope, na Chausiku akatazama tu mikono yetu mitupu.

Jumanne tukatoka mapema zaidi. Zilikuwa zimebaki siku tatu kufika harusi, na mimi tayari nilikuwa na hasira iliyotafuta mtu wa kumwangukia. Ikampata Shukuru.

Yeye ndiye aliyekuwa amebeba mkoba wa baruti na kikopo cha fataki, vile vikofia vya kuwashia baruti. Tulipovuka kijito, maji ya mvua yalikuwa yamefika magotini, akateleza kwenye jiwe akaenda chini mzima mzima na mkoba. Akainuka anacheka. Mimi sikucheka. Tukafungua mkoba, baruti ya juu imelowa, ya chini ilionekana nzima. Nikashindilia ile ya chini. Shati lake la bluu lilikuwa linachuruzika, akawa anatetemeka, nikavua koti langu la kaki, lile kuukuu la kahawia, nikampa. Likumbuke hilo koti.

Hatujamaliza nusu saa, pongo akatoka. Dume, dada, mweusi mgongoni, amesimama pembeni mwa maji kama amewekwa. Nikalenga, nikafyatua. Gobore likalia ka, basi. Pongo akainua kichwa, akanitazama, akaondoka zake bila hata kukimbia.

Hapo nilimtukana mumeo. Nisikufiche. Nilimwambia maneno ambayo mtu hamwambii shemeji yake, mbele ya Salaash. Nilimwambia kwamba dada yangu aliolewa na gunia la pumba, na mengine mabaya kuliko hilo. Nilisema hata kuhusu kazi yake ilivyomwishia kule Tabora, jambo mlilonieleza nyinyi kwa siri.  Yeye alifunga tu vifungo vya koti mpaka shingoni. Salaash akatazama pembeni, kwa aibu yangu.

Nikaitoa ile fataki iliyokataa, nikaitupa kwa hasira. Nyingine nikazianika juu ya jiwe, jua likatoka kidogo, nikachagua moja nikaivalisha. Baruti nikamwaga, nikashindilia nyingine. Nikampa Shukuru mti wake wa kukaa, mimi na Salaash tukakaa upande wa pili, tungoje mnyama arudi kunywa.

Sasa unaukumbuka ule mwiko wa baba. Ukishaingia porini kuwinda, hakuna kuitana majina mpaka mtoke. Ukimtaka mwenzako unagonga kijiti au unapiga mluzi. Jina la mtu likitajwa, wanyama wanasikia, bahati inakwisha. Wewe hukuwa ukienda, lakini ndiwe uliyemwuliza siku moja wakati tunakula: na mtu akipotea, mtamwitaje? Baba akakasirika, akakwambia wanawake maswali yenu ndiyo yanayoharibu mawindo. Mimi nilicheka upande wa baba. Nimelikumbuka swali lako wiki hii mpaka kichwa kinauma.

Ilipata saa tisa. Salaash akanigusa bega, akanionyesha kwa kidevu mti wa Shukuru. Hapakuwa na mtu. Nikapiga mluzi, kimya. Nikagonga kijiti, kimya. Nikajua amenuna, amerudi nyumbani, na moyoni nikasema aende. Salaash akafungua kinywa amwite, mimi nikamziba kwa kiganja. Mtu mzima mwenye mvi, nilimziba mdomo kwa kiganja changu, ili mwiko wa baba usivunjike.

Ndipo kichaka kikatikisika. Hatua thelathini hazifiki. Nikaona rangi ya kahawia, mgongo umeinama chini, unakwenda kidogo, unasimama, unakwenda tena. Dada, nilikuwa na siku mbili za njaa ya kumwona mnyama. Nilimwona mnyama. Hata masikio niliyaona, wallahi, masikio ambayo hayakuwepo.

Nilisema bismillahi, kama tulivyofundishwa, ili nyama iwe halali. Nilimsomea bismillahi mumeo. Halafu nikafyatua.

Ka.

Kabla sijaanza kulilaani gobore, Salaash aliupiga mkono wangu chini, akaita kwa sauti ya mtu anayeita ng'ombe ng'ambo ya bonde:

"Shukuru!"

Na kichaka kikaitika, "Naam."

Sijui nikueleze vipi ilivyokuwa kulisikia lile naam. Nilikaa chini kwenye matope. Mumeo akatoka amejaa majani kichwani, na unajua alitoka namna gani? Alitoka amekasirika. Kidole mdomoni, macho yamemtoka, ananong'ona kwamba tumemharibia kazi. Kumbe hakununa. Alikuwa ameona kwato, akaamua azifuate kwa kuinama, amwone pongo alipolala aje anionyeshe, ili yaliyopita yapite. Alikuwa amekaribia kabisa. Na kweli, wakati anatulaumu, pongo alibweka upande wa pili wa kichaka akatimka. Shukuru akapiga paja, akasema, "Mmemfukuza." 

Nikasema naumwa, malaria. Akaniamini. Alinishika mkono kwenye kile kijito, hatua kwa hatua, asije shemeji yake akateleza.

Gobore alilibeba Salaash.  Tulipofika mahali njia zinapogawana, Shukuru akiwa ametangulia, Salaash alinirudishia, akasema kwa sauti ya chini, "Sabiri, bunduki ndiyo iliyokataa. Wewe ulikuwa umekubali." Akashika njia ya kwake. Hajaja tena nyumbani, hata harusini alimtuma mkewe Naitoi na mbuzi wa zawadi.

Jumatano sikwenda porini. Nilijifunika blanketi, nikanywa dawa za malaria nisiyokuwa nayo, mpaka masikio yakavuma. Jioni Shukuru akasema atalisafisha gobore, lisile kutu. Unamjua, hawezi kuona chuma kichafu. Nilikuwa mlangoni namtazama. Akainua nyundo ya gobore, akatoa ile fataki, akaigeuza kwenye mwanga, akasema polepole, "Shemeji, hii nayo imegongwa. Ile ya jana asubuhi uliitupa. Hii ulimpigia nani?"

Nikamwambia nilijaribu tu, baada ya yeye kutoka, kuona kama baruti imekauka.

Akanitazama. Akaifuta kwa kitambaa, akaitia mfuko wa shati, akaendelea na kazi. Uongo ule, dada, umenikaa kooni mpaka leo. Kule porini nilikosea kwa macho na kwa hasira. Pale mlangoni nilikuwa na akili zangu zote.

Harusini tulichinja mbuzi. Wale wazee wa Kilole hawakuniacha. Yule aliyesema atakuja na njaa yake alisimama mbele ya watu akauliza pongo yuko sufuria ipi. Nikatafuta pa kuuficha uso. Shukuru akainuka kunitetea. Akawasimulia jinsi alivyoanguka kijitoni, akajichekesha yeye mwenyewe, akasema kosa ni lake yeye, fundi wa mashine, asiyejua hata kubeba mkoba, na kwamba bunduki ya shemeji yake ni nzuri ila ina huruma na viumbe. Watu wakavunjika mbavu. Mwaija na ushungi wake alicheka mpaka machozi. Mimi nilitoka nikaenda nyuma ya jiko, Chausiku akanikuta nimeshika ukuta. Nikamwambia ni moshi.

Tangu hapo nimekuwa mtu wa ajabu humu ndani. Naita kila mtu jina lake. Akikaa kimya kidogo chumba cha pili, namwita. Chausiku ameniuliza kama naanza uzee.

Nilitaka kuishia hapo dada, nikuombe radhi wewe, nifunge bahasha kwa gundi, na yeye aibebe bila kujua amebeba nini. Ndivyo nilivyopanga tangu asubuhi. Nimeandika mpaka mstari huu, nikausoma tena, nikaona nilivyo. Namfanya mtu tarishi wa habari ya kifo chake mwenyewe. Naiweka kalamu chini kidogo.

*

Nimerudi. Ni baada ya magharibi, nisamehe mwandiko.

Nilimfuata uani. Alikuwa anakaza kamba ya lile boksi la mihogo mikavu anayokuletea. Nikamwita jina, si shemeji, nikamwita Shukuru. Akaitika bila kuinua kichwa. Nikamwambia yote. Koti, kichaka, kiganja changu mdomoni mwa Salaash, bismillahi, fataki. Na yale matusi ya asubuhi nayo nikamwomba radhi. Sikuketi, nilisema nimesimama kama mtu aliye mbele ya hakimu.

Alimaliza kufunga fundo lake kwanza. Kisha akatia mkono mfukoni, akaitoa ile fataki, akaiweka juu ya boksi katikati yetu. Alikuwa ametembea nayo siku zote hizo. Akasema, "Nilijua tangu Jumatano. Nilikuwa nangoja unitamkie wewe. Ningepanda basi kesho hujasema, nisingekanyaga tena nyumba hii."

Nikamwuliza kama amenisamehe. Akasema, "Nipe siku, Sabiri. Leo nikikujibu nitakudanganya, na tumedanganyana vya kutosha." Sikumlaumu. Nimelistahili jibu hilo.

Nikamweleza kuhusu barua. Akafikiri, akasema ataibeba, ila hataisoma, ya kwako ni ya kwako. Basi sitaifunga kwa gundi. Akibadili nia njiani, asome.

Kuhusu gobore, Ijumaa hii nalipeleka kituoni na karatasi zake, nalisalimisha. Najua ni ukumbusho wa baba, na wewe una haki nalo kama mimi, kwa hiyo kama unapinga nipigie ukishasoma tu. Kwa Salaash nitakwenda mwenyewe kumwomba radhi. Koti Shukuru hakulichukua. Ameniachia limetundikwa kwenye kamba ya nguo.

Dada, sikukuandikia ili unihurumie. Ulinipa mumeo mzima nikakaribia kukurudishia maiti, kwa ajili ya sifa za nyama mbele ya wakwe. Ukitaka kunitukana, tukana, wewe ni mkubwa wangu. Ukitaka kukaa kimya mwezi mzima, nitavumilia. Ila usikae kimya mwaka.

Msalimie Shamimu, mwambie aandike majibu polepole, asome swali mara mbili. Msalimie Sharifu, na yule kitindamimba mwenye meno mapya. Mama Agripina jirani yako umpe salamu za Chausiku, mbegu za mchicha alizoomba ziko kwenye boksi, zimefungwa kwa karatasi ya gazeti. Mwaija na mumewe wanakuamkia.

Mungu awatunze nyote humo ndani, awape riziki ya halali na usingizi mwema, na kila atokaye mlangoni kwenu amrudishe.

Na ukishamaliza kusoma, nifanyie hili moja. Usimfuate alipo. Kaa hapohapo, umwite jina lake kwa sauti, umsikie akiitika.

Mdogo wako akupendaye, hata ukimkasirikia,

Sabiri